Skuta ya Mama na Kipande cha Sabuni

Tulipomaliza matanga, wanawake wa ukoo walitoa nguo za mama nje tuzifue kabla ya kuzigawa. Wifi yangu akakata mche wa sabuni kwa uzi, akanirushia kipande. Pale pembeni kijana wa jirani alikuwa anamimina petroli kwenye pikipiki yake kutoka kwenye chupa ya maji. Harufu zile mbili zikakutana puani mwangu. Nikaiacha sabuni ndani ya beseni, nikakaa chini kwenye majani. Wanawake wakaambiana, mwacheni, amemkumbuka mama yake. Ni kweli nilikuwa nimemkumbuka, ila si kwa namna waliyodhani.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya vijiji. Mama alikuwa nesi mkunga, Mpare, na serikali ilimpeleka kwenye zahanati ya vyumba viwili upande wa Kisaka, ndani kabisa, ambako lori la wilaya lilifika likijisikia. Baba alibaki Same na darasa lake, akawa mtu wa barua. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuta watu wamepangwa kwenye nyumba za mistari, wamehamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, wengine kwa siku moja tu, magodoro na kuku na wazee wote juu ya lori moja. Kila mmoja alikuwa na mahali alipokuwa anapatazama akizungumza, huko mbali kwenye vilima, na mimi nilidhani wote wana ng'ombe waliopotea.

Mama alihudumia kijiji kile na vitongoji vyake peke yake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Akichoka aliimba pambio la kanisani huku akikosea maneno, na kadiri alivyozidi kuchoka ndivyo maneno yalivyozidi kukosewa. Kuna jioni nilisikia wimbo mzima umebaki "mmh" tu.

Kisha ikaletwa skuta. Ilishushwa kwenye lori imelala ubavu, rangi ya kijani iliyofifia, tairi ndogo, kiti kimechanika katikati. Alikuwa ameitumia bwana mifugo mmoja kabla yetu, na aliitumia kweli kweli. Mama alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule huku kijiji kizima kikimtazama. Alipoanguka mara ya tatu, akina mama wakaacha kucheka wakaanza kumshangilia. Tangu hapo aliweza kwenda kitongoji cha mwisho, ng'ambo ya mto, na kurudi siku ileile, miguu ikiwa bado na nguvu ya kunipikia.

Tangi lake lilikuwa na ufa mwembamba kwenye maungio, chini ya kiti. Dereva wa lori alimfundisha mama dawa yake: unachukua kipande cha sabuni ya mche, unakilainisha kwa kidole gumba, unaziba. Petroli haiyeyushi sabuni. Basi kila asubuhi, kabla ya kuipiga kiki, mama aliinua kiti, akapaka sabuni kwenye ufa, akaifuta mikono kwenye majani. Sabuni yenyewe ilikuwa adimu, na petroli ndiyo usiseme. Ililetwa kutoka Mugumu, mji wa wilaya, ndani ya dumu moja, na dumu likiisha unasubiri lori.

"Petroli hii inaruka, Nakiete," aliniambia siku moja akilitikisa dumu. "Nusu naendeshea, nusu inakwenda na upepo."

Neno hilo sikulisahau. Inaruka! Nilianza kuichunguza ile skuta ilipoegeshwa chini ya paa la jiko, nikaona ni kweli. Jua likiwaka, harufu ya petroli ilijaa pale. Kwa akili yangu, harufu ile ndiyo ilikuwa mafuta yenyewe yanaondoka. Nikainua kiti, nikapeleka pua huku na huku, kama mbwa, mpaka nikapata mahali yanapotokea: juu ya kifuniko cha tangi palikuwa na kitundu, hakizidi ncha ya sindano. Mama alikuwa anahangaika na ufa wa chini, na kumbe mlango wa wizi uko juu. Nilichukua masalia ya sabuni kwenye kibao cha kufulia, nikalainisha kwa kidole gumba kama yeye, nikaziba kitundu kile vizuri sana. Nilikigandamiza kwa ukucha. Halafu nikapaka vumbi juu yake, ili isionekane kwamba nimefuja sabuni. Nilipanga kumwambia siku dumu litakapodumu kuliko kawaida, anisifu.

Siku iliyofuata skuta ikaanza ugonjwa.

Iliwaka vizuri, kwa kiki ya kwanza au ya pili. Ikatoka zahanati, ikapita shule, ikapanda kilima kidogo kwenye njia ya kwenda mtoni, halafu ikaanza kukohoa, ikazima. Mahali ilipozima palikuwa na mahame ya mji wa Bibi Wankuru. Mabibi wa kijiji walikuwa wengi, lakini huyu alikuwa mrefu, mkali, mjane, na alikuwa akiishi ng'ambo ya mto na mkwewe Robhi, mke wa mwanawe. Kwenye mahame yake ulikuwa umebaki uzio wa minyaa, mawe ya jiko, na katikati ya lililokuwa zizi, makaburi matatu: la mumewe na ya watoto wake wawili. Siku hiyo ya kwanza tulimkuta hapo, amekaa kupumzika na kibuyu chake cha togwa. Alikuwa hapiti pale bila kumwaga kidogo kwenye lile zizi na kuwasalimia.

Mama alipiga kiki mpaka akahema. Mwisho akainua kiti, akafungua kifuniko cha tangi aone kama petroli ipo. Kikasema *fyuu*. Petroli ilikuwapo. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka.

"Nesi," Bibi Wankuru akasema, wala hakuinuka, "hiyo piki haijaharibika. Imeshikwa."

"Imeshikwa na nani, mama?"

"Na hawa. Tulipakiwa kwenye lori siku moja, hatukuwaaga. Sasa wewe kila siku unapita na kelele, hata shikamoo hutoi. Ungekuwa wewe umelala ungefanyaje?"

Mama alicheka, akamshukuru, akaondoka. Lakini kesho yake ikazima palepale, na keshokutwa yake. Mara zote alipiga kiki bila mafanikio, akafungua tangi kutazama petroli, na ikawaka. Kijiji kizima kikajua. Ni kweli ilizima mahali pengine pia, mara mtoni, mara kwenye mashamba ya mtama, lakini hizo hakuna aliyezihesabu. Mimi niliamini kabisa. Nilipopakiwa nyuma niliinamisha kichwa tukikaribia minyaa ile, nikasema shikamoo kimoyomoyo, mara tatu, kila kaburi na yake.

Mama hakuamini. Jumamosi alitandika gunia uani, akaifungua ile skuta kama kuku wa Krismasi. Alitoa plagi akaikwangua kwa kisu cha kumenyea viazi. Alichomoa bomba la mafuta, akalipuliza kwa mdomo, akatema petroli na kukunja uso. Alifungua kabureta akaiosha, akaishika juu atazame mwanga kupitia matundu yake. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimelala juu ya gunia muda wote huo. Aliporudisha vitu vyake akaiwasha kifuniko kikiwa bado palepale, na skuta ikanguruma uani mpaka kuku wakaizoea.

"Nyumbani mzima, njiani mgonjwa," mama alisema akijifuta jasho. "Kama mume wa mtu."

Akarudisha kifuniko. Jumatatu ikazima kwenye mahame.

Robhi, mkwe wa Bibi Wankuru, alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Alipojifungua wa kwanza alitokwa na damu mpaka akazimia, na mama hakupenda kabisa ajifungulie nyumbani tena. Alikuwa amemwambia aje akae jirani na zahanati mwezi ukikaribia. Robhi alikubali, akasema avune ulezi kwanza. Alikuwa msichana wa kucheka, mwenye pengo mbele, na kila akija kupimwa aliniletea karanga zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Mama alimwambia mbele yangu: "Uchungu ukikuanza tu, hata ukiwa mdogo, mtume mtu. Nitakuja na sindano ya kuzuia damu. Usisubiri."

Mtu alitumwa asubuhi moja, kabla ulezi haujavunwa. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, umekuja mapema. Lori lilikuwa limepita jana yake, na mama alikuwa amejaza tangi mwenyewe mpaka shingoni. Alitia sindano na vifaa kwenye begi, akanipakia nyuma nilishike lisirukeruke, tukaondoka. Nakumbuka aliimba, na hakukosea neno hata moja.

Skuta ikakohoa kwenye kilima. Ikazima kwenye mahame.

Sasa hapa ndipo ninaporudi kila siku, na nimechoka kuparudia. Siku zote mama alikuwa akifungua tangi kutazama petroli. Siku ile hakufungua. Afungue ya nini, wakati amejaza mwenyewe asubuhi? Akaenda moja kwa moja kwenye plagi. Aliitoa, akaifuta kwa gauni lake jeupe la kazi, akairudisha, akapiga kiki. Akachomoa bomba, akapuliza. Akapiga kiki. Alipiga mpaka kamba ya kiatu ikakatika. Mimi nilikuwa nimesimama na begi kifuani, nasema shikamoo zangu tatu, na jua linapanda.

"Mama, mwaga togwa," nikamwambia.

"Togwa nitaitoa wapi, Nakiete?" Sauti yake ilikuwa kavu. Akanitazama, akaitazama njia, kisha akachukua begi mikononi mwangu. "Kaa hapa na chombo. Usiende popote."

Akavua viatu akakimbia. Mama yangu alikuwa mwanamke mnene, na sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Nilimtazama mpaka gauni likapotelea kwenye mashamba ya mtama. Nilikuwa na maji kwenye chupa, nikaingia kwenye lile zizi nikayamwaga yote, kidogo kila kaburi, nikawaomba wamwachie. Halafu nikarudi nikakaa juu ya kiti cha skuta kusubiri. Nilikaa pale mpaka kiu ikanibana, nikiwa nimekalia kile kifuniko.

Alasiri wanaume waliotoka shambani waliisukuma skuta mpaka zahanati, nami nikalala kwa mke wa mwalimu. Mama alirudi kesho yake asubuhi. Gauni lilikuwa limekuwa gumu kwa damu, na miguu imepasuka. Alikuta mtoto ameshazaliwa, wa kiume, yuko hai, na Robhi amekwisha kumwaga damu yote. Alimdunga ile sindano, ila kulikuwa hakuna tena cha kuzuia. Aliniambia hivyo hivyo, kwa maneno machache, halafu akaomba maji ya kunywa.

Wiki ya pili akaja fundi kutoka Mugumu, aliyetumwa na wilaya, bwana mmoja mpole mwenye kofia ya sufu. Alimsalimia mama, akaisikiliza hadithi yote bila kukata, hata ile ya makaburi. Akaiwasha skuta, akaizungusha uwanjani, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikakohoa, ikazima. Akaweka sikio karibu na tangi, akafungua kifuniko polepole. *Fyuu*. Akakigeuza, akakifuta vumbi kwa kidole, akachukua waya mwembamba akachokoa.

"Sista," akasema, "nani kaweka sabuni hapa?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika bakuli la maji ya kunawa.

"Tundu hili ndilo pua yake," fundi akaendelea. "Petroli ikishuka, hewa lazima iingie juu. Ukiziba, inawaka, inakwenda kidogo, halafu inakosa pumzi. Ukifungua tu, inapona. Haikuwa na ugonjwa mwingine."

Mama alivitazama vidole vyake. Bado naviona, kidole gumba cha kulia kina weupe wa sabuni kwenye ukucha, maana alikuwa ameziba ufa asubuhi ileile.

"Ni mimi," akasema. "Naziba ufa kila siku. Nitakuwa nilipaka mpaka huko bila kuangalia."

Fundi alimaliza kuchokoa, akapuliza kitundu, akafunga. Mimi nikaweka bakuli chini, kwa sababu maji yalikuwa yananimwagikia miguuni. Mama hakuwa mtu wa kunichapa, kwa hiyo si fimbo niliyoogopa. Niliogopa ule uso unigeukie mimi. Nikajiambia nitasema fundi akiondoka. Fundi akaondoka. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho mama aliniamsha mapema, tukaenda kwa miguu ng'ambo ya mto. Skuta aliiacha chini ya paa la jiko. Bibi Wankuru alikuwa nje amempakata mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama alipiga magoti pale kwenye vumbi, yeye na gauni lake la serikali.

"Mama, nimekuja kusema. Si makaburi yaliyonishika. Ni sabuni. Niliziba tangi kwa mkono wangu mwenyewe, chombo kikakosa hewa. Ndiyo maana nilichelewa."

 Mtoto akalia, Bibi Wankuru akamtikisa.

"Sabuni gani imshike mtu njiani?" akasema. "Wewe ulikuja kwa miguu. Mimi nilikuona, huna viatu. Wale ndio waliokushika, nesi, si wewe. Inuka."

"Ni mimi, mama."

"Inuka, nimesema. Nishike huyu nikachemshe maziwa."

Akampa mtoto. Mama alimshika akiwa bado amepiga magoti, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na ulimi wangu mdomoni. Kijiji kizima kilikuwa tayari kumsamehe. Walikuwa na sababu yao, wameiamini, na isingemgharimu kitu kuipokea. Ila yeye alikuwa na sabuni kwenye ukucha, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo isipokuwa mimi.

Tulipokuwa tunarudi alisimama kwenye mahame, akaingia zizini, akamwaga maji kidogo. Alifanya hivyo kila alipopita, miaka yote tuliyokaa pale, yeye Mlutheri asiyekosa ibada. Watu wakasema nesi ameshika mila. Mimi nilijua anaomba radhi, na nilijua ni kwa kosa la nani. Skuta hakuipanda tena. Lori lilipokuja aliirudisha wilayani, akasema haiwezi, akawa anatembea. Alikwenda vitongoji vyote kwa miguu mpaka akahamishwa, na hata huko alikohamishwa hakukubali chombo. Yule mtoto wa Robhi alimpima uzito kila mwezi, na kila mwezi alichelewa kumrudisha kwa bibi yake.

Mimi nilikua. Nilipanga kumwambia nikimaliza la saba, nikapanga tena siku ya harusi yangu, na nilipozaa wa kwanza nilifungua mdomo kabisa, mgeni akabisha hodi. Hayo ni maneno ya mwoga, nayajua. Mgeni aliondoka baada ya robo saa.

Mwezi wake wa mwisho mama alikaa kwangu. Miguu ilikuwa imevimba, na visigino vyake vilikuwa na ile mipasuko ya zamani ambayo haikuwahi kufunga. Kila jioni nilimweka kwenye kiti, nikamwosha miguu kwa maji ya moto. Jioni moja nilikuwa napaka sabuni, akaitazama mkononi mwangu kwa muda mrefu.

"Unamkumbuka Robhi?" akauliza.

"Namkumbuka, mama. Aliniletea karanga."

"Nilimchelewesha kwa mkono wangu." Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayetaja jina la mahali alipoishi muda mrefu. "Ile sabuni, mwanangu. Mpaka leo sijui nilikuwa nawaza nini."

Neno lilikuwa pale, lote, tangu siku ya fundi. Nilihitaji kusema maneno matatu tu. Nilishika kisigino chake kwa mikono miwili.

"Maji hayajapoa, mama?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Yako vizuri."

Nikamwosha mguu ule mpaka juu ya kifundo, nikaufuta, nikaushika wa pili.